Tunaonja mahali, tunaisingizia kahawa

Msikilize mtu yeyote anayekusimulia mkahawa mpya alioingia mwishoni mwa juma. Ataanza na upepo. Atakuambia pametulia, viti ni vya kuegemea, bahari unaiona, intaneti haikatiki, na gari unaegesha bila kusumbuliwa na mtu. Ukimkatiza na kumuuliza, "Na kahawa yenyewe?", atasita kidogo, atajibu "nzuri", kisha atarudi kwenye upepo wake.

Msikilize huyo huyo akizungumzia kijiwe cha kahawa kilicho nyuma ya kituo cha daladala. Kahawa ya pale anaikumbuka barabara: imekolea tangawizi, ni ya moto wa kuunguza ulimi, na kashata yake ina karanga za kutosha. Lakini hukumu haianzi na hayo. Inaanza na vumbi, makelele ya makonda, mtaro ulio hatua chache kutoka kwenye benchi. Mwisho wa yote anakuambia kahawa ya pale ni ya kawaida tu.

Maneno ya namna hii nimeyasikia mitaani, ofisini na kwenye misiba, na yamenifikisha kwenye msimamo ambao nautetea leo. Tunapotoa maoni juu ya mkahawa, kwa sehemu kubwa tunatoa maoni juu ya mahali ulipo na jinsi mahali hapo panavyotufanya tujisikie. Kilichomo kikombeni kinabeba sifa au lawama zisizokihusu. Kwa hilo pekee sina ugomvi na mtu, maana ndivyo tulivyoumbwa. Ugomvi wangu unaanzia kwingine. Mahali pazuri katika miji yetu panagawiwa kwa fedha na kwa vibali, halafu yule aliyenyimwa mahali tunamhukumu kana kwamba mikono yake haijui kazi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, lakini nendeni mkaangalie ni nani anayetembea na birika kutwa nzima kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja, akigonganisha vikombe vyake viwili ili wenye hamu wamsikie. Je, anatembea kwa sababu kahawa yake ni mbaya? Anatembea kwa sababu hana pa kukaa.

Mihogo ya Coco

Tuiache kahawa kwanza, tutazame mihogo. Hakuna mkazi wa Dar es Salaam asiyejua mihogo ya Coco Beach. Familia zinatoka Kimara, nyingine Tegeta, nyingine Mbagala, zinakwenda Jumapili jioni hadi Oysterbay kula muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati na kumwagiwa chachandu. Muhogo huo umetoka shambani kama muhogo mwingine wowote na umenunuliwa sokoni kwa fungu. Pale Buguruni na Tandale kuna kina mama wanaokaanga mihogo laini kama ile, na pilipili yao inatoa machozi vilevile. Ni nani aliyewahi kupanda daladala mbili kwenda Tandale kula muhogo?

Aliyekula Coco hadanganyi anaposema ulikuwa mtamu. Alikuwa ameketi juu ya mchanga, watoto wanakimbizana na mawimbi, jua linazama nyuma yake, na siku hiyo hakuna mtu anayemdai. Ulimi uliyaonja hayo yote kwa pamoja, ukampelekea taarifa moja tu: mtamu. Muhogo ukapata sifa yote.

Wachumi wameliona jambo hili na wamelipima. Mwaka 1985 Richard Thaler, Mmarekani ambaye baadaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, alichapisha makala iliyokuwa na swali rahisi. Umelala ufukweni, joto kali, una kiu ya bia. Rafiki yako anakwenda kukununulia, nawe unamwambia bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Kundi moja la watu liliambiwa bia itanunuliwa kwenye hoteli ya kifahari, kundi la pili likaambiwa itatoka kwenye duka dogo lililochakaa. Bia ni ile ile na itanywewa pale pale mchangani, hakuna atakayekaa hotelini. Hata hivyo waliotajiwa hoteli walikuwa tayari kulipa dola 2.65, na waliotajiwa duka walikomea dola 1.50. Jina la mahali lilitosha kupandisha bei, hata kwa mtu ambaye mahali penyewe hakupatia mguu.

Hapo ndipo linapoingia swali la haki. Ikiwa hoteli inaongezewa dola moja na zaidi kwa kuwa hoteli tu, ni nani anayepunguziwa kwa kuwa yuko uchochoroni? Sisi sote tunaopita pale na kusema "ya kawaida tu" ndio tunaompunguzia.

Forodhani, Unguja, ni ushahidi wa upande wa pili, na ni ushahidi unaotia moyo. Bustani ile ilikuwa imechoka kabla ya ukarabati uliofadhiliwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni kukamilika mwaka 2009. Baada ya hapo wauzaji wa mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa walirudi wakiwa na taa, njia za kupita, nyasi na ukuta wa kukalia unaotazama bahari. Mapishi yalikuwa yale yale ya Wazanzibari. Leo mgeni akirudi kwao Ulaya, Forodhani haikosi katika simulizi zake. Nawaomba wakuu wa miji yetu waliweke akilini jambo hilo: mpishi yule yule, akipewa mahali, anageuka fahari ya taifa.

Kijiweni

Sitaki msomaji afikiri kwamba kijiwe kinanyimwa sifa kwa sababu hakina mvuto. Kina mvuto wake, na watu waliokulia Pwani wanaujua. Ukiingia Mji Mkongwe na kuulizia Jaws Corner, utaoneshwa uwanja mdogo ambamo vichochoro kadhaa vinakutana. Wanaume wameketi kwenye mabaraza ya saruji, wengine wanacheza bao au karata, mwenye birika anapita katikati yao, na siasa za Visiwani zinachambuliwa hapo kabla hazijafika magazetini. Lamu ni hivyo hivyo, na Mji wa Kale wa Mombasa jioni baada ya sala ni hivyo hivyo. Hapo kahawa chungu isiyo na sukari, katika kikombe kisichojaza kiganja, inasifiwa na watu ambao nyumbani wangeikataa.

Inasifiwa kwa nini? Kwa sababu mahali hapo ni pao. Aliyeketi anajulikana jina, anajulikana baba yake, na akikosekana siku mbili mtu anatumwa nyumbani kwake kuangalia kama mzima. Penye wengi pana mengi, na mengi hayo yanaingia kikombeni. Mtaalamu wa jamii wa Marekani, Ray Oldenburg, aliandika kitabu mwaka 1989 akiwaeleza Wamarekani wenzake kwamba binadamu anahitaji mahali pa tatu pasipo nyumbani wala kazini, pa kukaa na kuzungumza bila kualikwa. Watu wa Pwani yetu walikuwa wamejenga mabaraza mbele ya nyumba zao karne nyingi kabla ya kitabu hicho.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mazingira mazuri maana yake ni viyoyozi na makochi. Mazingira ni mtu kujihisi yuko mahali panapomtaka. Mkahawa wa kioo na marumaru ambao mlinzi wake anakukagua viatu kabla hujaingia una mazingira mabaya, hata kama taa zake zimeagizwa Italia. Na wapo wengi wanaopita nje ya mikahawa ya namna hiyo miaka nenda rudi, fedha ya kikombe kimoja wanayo, lakini hawaingii. Wameshasoma mlangoni kwamba pale si pao.

Ndoo ya maji

Hata hivyo kijiwe kina udhaifu, na ningekuwa nawapendelea wauzaji nisipousema. Udhaifu huo uko kwenye ndoo.

Tazama kijiwe cha kawaida cha Dar es Salaam saa kumi na mbili alfajiri. Birika refu limekaa juu ya mkaa. Pembeni kuna sahani ya kashata iliyofunikwa, na chini kuna ndoo ya plastiki yenye maji na vikombe vidogo vya udongo mweupe vimezama ndani yake. Mteja wa kwanza anakunywa kutoka kwenye kikombe safi kabisa. Anakirudisha, kinachovywa, kinasuuzwa kwa vidole viwili, kinakung'utwa, kinapewa mteja wa pili. Mteja wa ishirini anayatazama maji yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Hasemi kitu, anakunywa, anaondoka, na maoni yake ameshayatoa kimoyomoyo.

Watu husema muuzaji huyo ni mchafu. Lakini hapo aliposimama bomba halipo. Maji ameyanunua kwa dumu, amebebewa na kijana wa mkokoteni, na kila akimwaga ndoo moja anamwaga sehemu ya faida yake. Kikombe kimoja anauza shilingi 100 au 200. Ahesabu mwenyewe msomaji: akibadilisha maji kila baada ya wateja watano, atabaki na nini cha kupeleka nyumbani? Mwenye mkahawa uliopangishwa kwenye jengo anafungua koki. Usafi wake tunausifu kama tabia njema, kumbe nusu yake ni bomba.

Hapa ndipo mahali panapoacha kuwa suala la ladha na kuwa suala la afya na riziki. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, hatua mojawapo ya mamlaka ilikuwa kuzuia uuzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani. Sipingi kuokoa maisha ya watu. Nauliza tu, baada ya ugonjwa kupungua, ni mabomba mangapi yaliwekwa kwenye maeneo yale yaliyofungwa? Mama lishe aliyefungiwa wiki kadhaa alirudi kukaa pale pale, bila maji na bila choo, akisubiri lawama za mlipuko mwingine. Na yule mteja aliyewahi kumwona mgambo akimwaga sufuria la mchuzi pale hatasahau, hata miaka ikipita na mama huyo asimsababishie mtu yeyote ugonjwa.

Kiti cha binti

Nimewasifia wazee wa kijiweni, na sasa lazima niseme lisilosemwa sana. Kijiwe ni cha wanaume. Hakuna kibao kinachomkataza mwanamke, lakini macho yapo, na macho hayana pazia. Binti anayetaka kunywa kahawa yake taratibu, akisubiri usaili saa nane mchana, hataketi kwenye benchi lile kati ya wanaume kumi wanaojadili mpira na ndoa za watu. Atanunua kitumbua kwa mama lishe asubuhi, atakifunga kwenye mfuko, ataondoka nacho.

Binti huyo ndiye anayewaongezea wateja mikahawa ya kisasa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, pale Adams Arcade, ilileta kahawa ya kisasa, lakini ninavyoona mimi ilileta zaidi ya kahawa. Ilileta kiti ambacho mwanamke anaweza kukikalia peke yake, na kompyuta yake mezani, bila mtu kumuuliza anamsubiri nani. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na wadogo zake wanne alipata meza. Wafanyabiashara wadogo wasio na ofisi walipata pa kumkutanisha mteja na mkataba. Watu hawa wakitoa maoni kwamba mkahawa fulani ni bora kuliko wote, wanasema kweli juu ya kile walichokifuata. Walifuata utulivu na heshima, na kahawa ndiyo iliyokuwa tiketi ya kuingilia.

Ndiyo maana siwacheki vijana wanaolipa shilingi 6,000 kwa kapuchino. Wengi wao wananunua saa mbili za amani ambazo nyumbani hazipatikani na ambazo maktaba za umma, kwa uchache wake, haziwezi kuwapa wote. Mji ambao kijana hana pa kukaa bure ni mji unaomtoza kodi ya kukaa kupitia kikombe.

Hesabu ya nyumbani

Lakini kodi hiyo ihesabiwe. Shilingi 6,000 ni vikombe 30 vya kijiweni kwa bei ya 200. Anayekwenda mara tatu kwa wiki anatumia 18,000, na kwa mwezi ni 72,000, fedha ambayo katika mitaa mingi ya pembezoni mwa jiji inalipa kodi ya chumba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na wengi hawaendi peke yao, wanakwenda na mwenza, wanaongeza keki, halafu tarehe 20 wanashangaa mshahara umekwenda wapi.

Ndani ya kikombe hicho kahawa iliyokaangwa ni gramu 18 hivi, maana yake kilo moja inatoa vikombe zaidi ya 50. Zidisha mwenyewe 50 kwa 6,000, kisha mfikirie mkulima wa Mbinga au Karagwe na bei anayolipwa kwa kilo. Tofauti kubwa iliyopo hapo katikati ni maziwa, mashine, umeme, mishahara, kodi za serikali, na juu ya yote pango la jengo. Kwa maneno mengine, sehemu nzito ya ile 6,000 unalipia mahali. Hakuna wizi ndani yake. Ila mtu ajue anachokinunua, asije akajiaminisha kwamba kahawa ya kijiweni ni duni eti kwa kuwa ni rahisi.

Na wenye mikahawa wanajua vizuri wanachokiuza. Tangu mwaka 1973, Philip Kotler, mwalimu mashuhuri wa masoko, alipoandika kwamba mazingira ya duka ni chombo cha kuuzia kama bidhaa yenyewe, elimu hiyo imeenea. Mwaka 1986 mtafiti Ronald Milliman alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye mgahawa mmoja huko Marekani. Muziki ulipopigwa wa taratibu, wateja walikaa mezani wastani wa dakika 56, na ulipopigwa wa kasi walikaa dakika 45. Chakula walichoagiza hakikutofautiana sana kwa gharama, lakini kwenye vinywaji waliokaa muda mrefu walitumia fedha zaidi. Hata rangi ya kikombe ina nguvu: utafiti uliofanyika Australia ukishirikisha Charles Spence wa Oxford, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionesha kahawa ile ile ikihesabiwa kuwa kali zaidi katika kikombe cheupe kuliko katika cha kioo kinachoonesha ndani. Ukimaliza kusoma makala haya, msikilize mwimbaji anayeimba taratibu pale unapokunywa. Yuko kazini.

Ningependa ujuzi huo ushuke hadi kijiweni, maana hauhitaji mtaji mkubwa. Nimeona muuza kahawa aliyebadilisha vitu vichache tu: alifunika ndoo, akaongeza ndoo ya pili ya kusuuzia yenye koki ndogo, akahamisha benchi kutoka upande wa mtaro kwenda chini ya mwembe, na akapaka benchi rangi. Birika halikubadilika wala mkono wake haukubadilika. Baada ya muda wafanyakazi wa benki ya jirani, waliokuwa wakipita wakitazama pembeni, walianza kusimama. Nilimsikia mmoja wao akisema siku hizi kahawa ya pale imekuwa nzuri. Nilitamani muuzaji angelisikia neno hilo, ajue jinsi benchi na ndoo vilivyompigania.

Ukimhamisha muuzaji

Serikali za miji yetu hazijalielewa hili, na hapa sina lugha ya kulainisha. Muuzaji mdogo anahesabiwa kama kitu cha kuondoshwa. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa fedha nyingi ili kuwapa wamachinga mahali, na kwa miaka mingi vizimba vingi vya ghorofa za juu vilikaa bila biashara. Wataalamu waliangalia nafasi, hawakuangalia njia ya mnunuzi. Nani anapanda ngazi kutafuta soksi ambazo juzi alizinunua akiwa anasubiri daladala? Mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Mwaka huo huo mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Luis kutoka Ubungo. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, na barabara zenye nafasi ni jambo jema. Lakini mama lishe anayeishi kwa abiria wa alfajiri hana bidhaa ikiwa hana abiria.

Kahawa ya shilingi 200 haifuatwi. Hakuna mtu anayelipa nauli kwenda kuinywa. Inanywewa kwa kuwa iko njiani, kati ya kituo na geti la kazi, na kwa kuwa anayeiuza ni yule yule wa jana anayejua kwamba hutaki sukari. Ukimwondoa hapo ukampeleka nyuma ya ukuta, karibu na kizimba cha taka, umemwondolea wateja na umemchafulia jina kwa pamoja. Yule atakayemfikia huko ataonja harufu ya jalala ndani ya tangawizi, na atawaambia wenzake kahawa ya mzee siku hizi imeharibika.

Mwezi Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, na awamu ya kwanza ilikuwa ya vitambulisho 670,000. Wengi walivipokea kwa furaha kwa sababu viliwapa haki ya kutosumbuliwa. Ilikuwa hatua ya maana. Lakini kitambulisho kinamtambua mtu, hakimpi kivuli, maji wala choo. Akifika mteja, haombi kuoneshwa kadi. Anatazama ardhi aliyosimama.

Nyuma ya kila birika kuna nyumba. Kuna ada ya shule, kuna dawa ya presha ya bibi, kuna mchango wa kikoba unaosubiriwa Ijumaa. Neno "pale pachafu" likizunguka mtaani, haliishii kwenye benchi. Linafika kwenye sufuria la nyumba hiyo jioni, na watoto wanalila. Kwa hiyo wewe unayepita leo, kabla hujatoa hukumu, jiulize unamhukumu nani: mpishi, au mtu aliyechora ramani ya mtaa akasahau kumwekea bomba? Kikombe chake kikiwa kizuri, sema ni kizuri, sema kwa sauti, na uwaelekeze wenzako. Maji yakiwa machafu mwambie uso kwa uso, kwa adabu, maana akiambiwa atarekebisha, na akisengenywa atafilisika.

Na nyie waheshimiwa madiwani na maofisa mipango miji, bajeti zenu zinaanza kutekelezwa Julai. Mnapotenga eneo la mama lishe na wauza kahawa, litengeni mahali watu wanapopita kwa miguu, wekeni bomba, wekeni choo, pandeni miti au jengeni paa la kivuli, na acheni benchi moja mwanamke analoweza kulikalia kwa amani. Fanyeni hayo kwanza, na mgambo wabaki kambini hadi yakamilike.